Likizo ya visiwani bila kukimbizana na boti: visiwa vichache, siku nyingi (uzi wa kupangia safari)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Maswali ya likizo ya visiwani yanazidi kuwa mengi, na karibu yote yanakuja kwa sura ile ile: mtu ana wiki mbili na orodha ya visiwa saba, anauliza aanzie wapi. Jibu langu wengine hawatalipenda, ila nalitoa kwa moyo mweupe: punguza visiwa. Wiki mbili ni za visiwa vitatu. Vinne kama viko jirani kabisa na boti zake hazikosi.

Fuateni hesabu. Visiwa saba maana yake ni kuhama mara sita. Siku ya kuhama haiachi nafasi ya jambo jingine: asubuhi unafunga mizigo, saa nne unatakiwa uachie chumba, unatafuta gari la kwenda gatini, unasubiri, boti inachelewa, unavuka, unashuka na mabegi, unatafuta gari jingine, unafika unaambiwa chumba kinafanyiwa usafi hadi saa nane. Hata kama majini umekaa saa moja tu, siku imeondoka. Katika siku 14 toa 6 za kuhama, toa 2 za ndege ya kwenda na kurudi, unabaki na 6 za kuwa kisiwani, tena zimekatwa vipande vipande. Mtu anarudi kazini kachoka kuliko alivyoondoka.

Mimi hupanga hivi: kwanza upepo, pili boti, visiwa vinakuja mwisho. Wengi huanza na picha za fukwe, kisha wanataka upepo na boti vifuate picha.

Nchi za joto hazina majira ya baridi ya kuyakimbia, lakini zina misimu ya pepo, na hiyo ndiyo inayoamua kama bahari itatulia au itarusha boti. Chukueni Shelisheli. Upepo wa kusi unapovuma, Mei hadi Septemba hivi, mvua ni chache lakini bahari ni nzito, na fukwe zinazotazama kusini mashariki hupigwa mawimbi na kujaa mwani. Ukienda upande wa pili wa kisiwa kile kile, maji yametulia. Kuanzia Desemba upepo wa kaskazi unaingia na mambo yanageuka. Aprili na Novemba pepo zinapopishana, bahari hulala, na wapiga mbizi wanaipenda sana miezi hiyo. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba, fungua ramani uone ufukwe wake unatazama wapi, halafu uangalie unakwenda mwezi gani. Watu wawili wanaweza kulala kisiwa kimoja wiki moja, mmoja akaogelea kila siku na mwingine akaishia kutazama povu.

Thailand nayo ina bahari mbili na kila moja ina mvua zake. Phuket, Phi Phi na Koh Lanta ziko upande wa Andaman, mvua na mawimbi huko ni Mei hadi Oktoba. Visiwa vya Similan vya upande huo hufungwa kabisa kwa wageni kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Koh Samui, Koh Phangan na Koh Tao ziko ndani ya Ghuba ya Thailand, na mvua zake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Mtu wa Julai na mtu wa Novemba wasinunue ratiba moja.

Bali, Lombok na visiwa vya Gili vina kiangazi kizuri kati ya Mei na Septemba. Fiji na majirani zake wa Pasifiki ya Kusini wana msimu wa vimbunga Novemba hadi Aprili. Ufilipino hupigwa zaidi kati ya Juni na Novemba. Karibi, msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Asije mtu akajipa moyo kwamba mwanzo wa msimu ni salama: Kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024 kikiwa na nguvu ya daraja la 4. Mwenye likizo ya miezi hiyo tu aangalie Aruba, Bonaire na Curaçao, ambazo ziko kusini ya njia inayopitwa na vimbunga vingi.

Nitaendelea na boti hapa chini.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Ukishajua upepo unakuruhusu wapi, tafuta mahali ambapo boti zimeunganisha visiwa kama shanga. Ndiyo siri ya safari ya utulivu: mbele kila mara, bila kurudi nyuma ulikotoka.

Shelisheli ina visiwa 115, lakini wasafiri wengi hukaa kwenye vitatu, Mahé, Praslin na La Digue, na vinatosha. Boti kubwa ya Mahé hadi Praslin hutembea kama saa moja, Praslin hadi La Digue ni kama robo saa. Ghuba ya Thailand ni hivyo hivyo: Samui, Phangan, Tao vimepangana, boti zinapita kutwa, na ukifika Tao huna haja ya kurudi Samui, unavuka hadi Chumphon bara na kupanda treni ya Bangkok. Guadeloupe inakupa Marie-Galante na Les Saintes kwa boti fupi. Cabo Verde, kisiwa cha Santo Antão hakina ndege za abiria, unakifikia kwa boti ya kama saa moja kutoka Mindelo, mji wa kisiwa jirani cha São Vicente. Kwa sababu hiyo kimebaki kimya na milima yake ni ya kutembea kwa miguu kutwa nzima.

Lakini mpangilio uliopangwa vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa Yasawa kule Fiji. Boti moja inaondoka Port Denarau asubuhi, inapita visiwa vya Mamanuca, inapanda hadi upande wa kaskazini wa Yasawa, inageuka na kurudi siku hiyo hiyo. Unakata pasi ya siku kadhaa, unashuka unapotaka, ukichoka na kisiwa unaisubiri ikipita tena. Vijiboti vya nyumba za wageni vinakuja kukupokea katikati ya maji.

Sasa linganisheni na Hawaii. Kwenye ramani visiwa vimekaribiana, lakini karibu safari zote za kati ya visiwa ni za ndege, feri ya abiria iliyobaki ni ya Maui na Lanai. Polinesia ya Kifaransa, ukiacha Tahiti na Moorea zenye feri ya chini ya saa moja, visiwa vimetawanyika kwenye eneo la bahari lenye ukubwa wa Ulaya Magharibi. Huko usipange kuhama hama. Chagua viwili, utulie.

Karibuni kwa maswali.

#3 Mdau

Asante mkuu kwa uzi. Mimi na mwenzangu tuna siku tisa na tumeshaamua Maldivi. Tulipanga visiwa vinne. Unatushauri nini?

#4 Mleta uzi

Hongereni, ni pazuri kweli. Ila visiwa vinne kwa siku tisa Maldivi ni vingi kuliko mahali pengine popote, nieleze kwa nini.

Nchi ina visiwa karibu 1,200 vilivyojikusanya kwenye atoli, yaani mafungu ya visiwa vya matumbawe yaliyojipanga kama pete, na hoteli kubwa kwa kawaida huwa na kisiwa chake peke yake. Kutoka hoteli hadi hoteli mara nyingi inabidi urudi Malé, mji mkuu, kwanza. Ndege za kutua majini huruka mchana tu, hivyo ukitua jioni utalala karibu na uwanja hadi asubuhi, na usiku huo mmoja tayari umekatika. Feri za umma za bei nafuu zina siku zake maalum, na Ijumaa nyingi hazitembei. Boti za mwendo kasi zipo, ila mnazifuata ninyi, hazikufuateni.

Fanyeni hivi: chagueni atoli moja na mkae kwenye visiwa vinavyokaliwa na watu, vyenye nyumba za wageni. Ari ya Kusini kwa mfano, Dhigurah na Dhangethi ziko jirani, na papa nyangumi huonekana eneo lile mwaka mzima. Visiwa viwili, usiku wanne kila kimoja. Mkumbuke kuwa kwenye visiwa vya wenyeji pombe haiuzwi, na nguo za kuogelea huvaliwa kwenye ufukwe uliotengwa kwa wageni, kwingine mnajisitiri. Mkiwa tayari kwa hilo, mtapata ujirani ambao hoteli haina.

Kama safari yenu ni kati ya Juni na Novemba, fikirieni pia Hanifaru katika atoli ya Baa, taa wakubwa hukusanyika pale kula. Kupiga mbizi na mitungi ya hewa kumekatazwa ndani ya ghuba ile, mnaogelea juu juu na snokeli, ile miwani ya maji yenye mrija wa kupumulia.

#5 Mdau

Naomba nipinge kidogo. Nauli ya ndege ni mzigo mkubwa na mtu hana uhakika wa kurudi. Nikishafika mbali kote huko, kwa nini nikae sehemu moja siku tano wakati kisiwa kingine nakiona kwa macho? Mimi nataka kuona vingi.

#6 Mleta uzi

Hoja yako ni nzito, mkuu, na siipuuzi. Kuona vingi inawezekana, na njia ni mbili.

Ya kwanza, hama wewe, begi libaki. Kaa kisiwa kimoja, toka asubuhi na boti ya siku, rudi jioni. Ukiwa Praslin unakwenda Curieuse kuwaona kobe wakubwa wakijitembelea, na siku nyingine unaingia Vallée de Mai, msitu wa ile minazi ya koko-de-mer uliowekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1983. Ukiwa Labuan Bajo, mji wa bandari wa kisiwa cha Flores kule Indonesia, unakwenda Padar, Rinca na Komodo kwa zamu. Umeona visiwa vingi, umefungua begi mara moja.

Ya pili ni kulala ndani ya boti. Chumba kinasafiri na wewe. Asubuhi unaamka kwenye ghuba nyingine bila kukunja hata shuka. Hapo kwenye hifadhi ya Komodo ni jambo la kawaida, na zipo safari za siku kadhaa kutoka Lombok hadi Labuan Bajo. Lakini boti hizi si sawa zote. Kabla hujalipa uliza kuna majaketi ya kuokolea ya watu wote, kuna redio, na usiku boti inatia nanga au inasafiri. Usipange safari hizo kati ya Desemba na Machi, bahari ya wazi pale huwa mbaya. Na chombo ukikiona kimejaa kupita kiasi, shuka. Pesa inatafutwa tena.

Nilichokikataa mimi ni kule kufunga na kufungua kila kukicha. Kiu yako ya kuona sina neno nayo.

#7 Mdau (anasafiri na wazazi na watoto)

Habari zenu. Tupo watu wa rika tatu, mama yangu ana umri mkubwa na goti linamsumbua, na mtoto wangu mdogo hutapika hata kwenye gari. Je, tuachane na visiwa?

#8 Mleta uzi

Shikamoo yake mama, mfikishie. Msiachane, ila swali lenu la kwanza kwa kila kisiwa liwe: je, kuna gati?

Hili huwa haliandikwi popote. Visiwa vingi vidogo havina gati, boti inasimama maji ya kiunoni na watu wanateremka kwa ngazi ya nyuma, mabegi yanabebwa kichwani. Kijana hana shida nalo. Mama mwenye goti bovu, boti inapanda na kushuka chini ya mguu wake, hapo ndipo anapoumia. Mwandikieni mwenye nyumba ya wageni mwulize waziwazi abiria wanashukaje, na maji yakiwa yamekupwa wanashukaje.

Hilo la maji ni muhimu sana, nami nitalieleza kwa urefu maana limeharibu likizo nyingi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali. Kwenye visiwa vyenye mwamba wa matumbawe mbele yake na ufuko bapa, siku za bamvua bahari inaondoka kabisa. Unatoka chumbani asubuhi unakuta mchanga, nyasi za bahari, vidimbwi vya maji ya vuguvugu vyenye samaki wadogo waliosahauliwa na maji, na nyota za bahari zimelala wazi. Boti zimekaa ubavu. Ukitaka kuogelea utembee hadi kwenye mwamba, tena uvae viatu kwa sababu ya urumba, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Baada ya saa kama sita bahari imerudi mlangoni. Asiyejua hukasirika akadhani ametapeliwa. Anayejua hupanga: asubuhi ya maji makavu anatembea kwenye vidimbwi na watoto, alasiri ya maji makuu anaogelea. Na kwa sababu saa za bamvua mahali pamoja hazibadiliki sana, ukishajua za mwezi huu, unazijua kwa kukadiria na za mwezi ujao. Jedwali la maji linapatikana bure mtandaoni kwa karibu kila bandari. Karibi na sehemu nyingine maji hayapandi wala kushuka sana, huko msihangaike.

Kuhusu kutapika: chukueni boti ya kwanza ya asubuhi, kwa kawaida upepo unazidi mchana. Kaeni katikati au nyuma, ghorofa ya chini, macho kwenye upeo wa bahari, simu zikae mfukoni. Dawa ya kuzuia kichefuchefu inywewe kama saa moja kabla ya kupanda, ikinywewa mtu akishaanza kuchafukwa haisaidii sana. Ya mtoto mwulizeni mfamasia kipimo chake. Na chagueni boti kubwa hata kama inachelewa kufika.

Kwa familia yenu La Digue ingenifurahisha, magari ni machache na kisiwa kizima ni cha baiskeli. Ila mama ahakikishiwe usafiri wa magurudumu manne kabla hamjalipa.

#9 Mdau (mpiga mbizi)

Naongezea la kwetu sisi wa chini ya maji. Ukipiga mbizi kwa mitungi siku kadhaa mfululizo, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu ulipotoka majini mara ya mwisho. Walimu wengi hukwambia saa 24, na mimi nafuata hiyo. Naitrojeni inabaki mwilini, ndege ikipanda na shinikizo likishuka inatoka kama mapovu. Ndege ndogo za kati ya visiwa zinahesabika pia. Kwa hiyo kisiwa cha kupiga mbizi kisiwe cha mwisho, au kama ni cha mwisho, siku ya mwisho iwe ya nchi kavu.

Na losheni za jua: Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa zile zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia tarehe 1 Januari 2021, Palau nayo ilianza 2020. Vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Inakukinga wewe na matumbawe yanapona.

#10 Mleta uzi

Asante sana mkuu, hilo la saa 18 kila mtu aliandike.

Nami niseme neno juu ya matumbawe kwa kuwa naumia ninapoona watu wanasimama juu yake wapigwe picha. Maya, ile ghuba maarufu ya Phi Phi, ilifungwa Juni 2018 kwa sababu ilikuwa imeelemewa na wageni, ikafunguliwa tena Januari 2022. Sasa boti haziruhusiwi kuingia ndani ya ghuba, na kila mwaka inapumzishwa Agosti na Septemba. Boracay ya Ufilipino nayo ilifungwa miezi sita mwaka huo huo wa 2018. Tukikaa siku nyingi mahali pachache, tukatembea kwa baiskeli na miguu badala ya boti za injini kila siku, kisiwa nacho kinapumua.

#11 Mdau

Nimepitia mahali nisipotaka mwingine apitie. Ufilipino, kimbunga kilikuwa mbali hata mvua hatujaiona, lakini walinzi wa pwani wakasimamisha vyombo vyote. Ndege yetu ya kurudi ilikuwa kesho yake kutoka kisiwa kingine. Ikaondoka bila sisi, na tiketi zilikuwa za mashirika mawili tofauti, hakuna aliyetulipa.

#12 Mleta uzi

Pole sana, ndugu. Walinzi wa pwani walifanya sahihi, lakini hasara ni hasara.

Wengine chukueni hii kama sheria: usiku wa mwisho, ulale kisiwa kile chenye uwanja wa ndege unaoondokea. Kama msimu ni wa mashaka, iwe usiku wa mwisho na wa kabla yake. Weka kisiwa cha mbali mwanzoni mwa safari na cha uwanja mwishoni. Tiketi za ndege za kuunganisha ziwe kwenye karatasi moja, ili moja ikichelewa shirika likubebe. Na bima ya safari isomwe, hasa kipengele cha kuchelewa kwa sababu ya hali ya hewa, wala usiinunue baada ya kimbunga kuwa kimeshapewa jina.

Jingine ni kalenda ya mahali. Bali siku ya Nyepi, ambayo kwa kawaida huangukia Machi, uwanja wa ndege hufungwa saa 24 na watu wote, wageni wakiwemo, hubaki ndani. Siku yenyewe ni tulivu na mimi ningependa niwepo, lakini aliyeipangia boti amekwama. Koh Phangan nayo hujaa watu kila mwezi mpevu kwa ajili ya sherehe ya ufukweni Haad Rin. Ukitaka utulivu, pitia wiki nyingine.

#13 Mdau

Vipi viza na chanjo ukizunguka visiwa vya nchi tofauti tofauti?

#14 Mleta uzi

Nitajibu kwa ufupi kwa sababu inategemea pasi yako ya kusafiria. Kila nchi ihesabu peke yake. Guadeloupe na Martinique ni Ufaransa lakini haziko ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, hivyo viza ya Schengen peke yake haikuhakikishii kuingia, uliza ubalozi. Ukitokea au kupitia nchi yenye homa ya manjano, visiwa vingi hudai cheti. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote. Mbu wa dengi anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, jipake dawa asubuhi. Malaria inapatikana visiwa fulani na vingine hakuna, mwone daktari ukiwa na orodha ya visiwa mkononi.

Na fedha taslimu ubebe, visiwa vidogo vingi havina ATM, au ipo moja na imekwisha pesa Jumamosi.

#15 Mdau

Swali langu linaweza kuonekana la kitoto. Hizo siku nyingi kisiwani unafanya nini? Nahofia kuchoka siku ya tatu.

#16 Mleta uzi

Swali zuri kuliko yote, na nilikuwa nalisubiri.

Siku ya kwanza kila mahali unaona kilichoko kwenye picha. Siku ya pili unapumzika uchovu wa kufika. Siku ya tatu, ile unayoihofia, ndipo kisiwa kinapoanza. Unajua ufukwe upi una kivuli saa tisa na upi una upepo. Unajua wavuvi wanarudi saa ngapi na wanatokea upande gani. Unaenda gatini bila sababu, unakaa juu ya jiwe la kufungia kamba, boti ya alasiri inaingia, unawaona abiria wapya wanashuka wakiwa wamekunja nyuso kwa jua na simu mkononi, nawe unajua kwamba juzi ulikuwa hivyo hivyo. Mwenye duka anakusalimia kwa jina. Watoto wanakuonyesha mahali pweza anapojificha.

Katika ratiba yangu kila kisiwa huwa na angalau siku moja ambayo haijaandikwa kitu. Sikati tiketi, siahidi mtu. Mvua ikinyesha siku ya kwenda kupiga mbizi, ninahamishia siku ile. Bahari ikichafuka na boti isitoke, sipotezi chochote. Siku ile tupu ndiyo inayozishikilia siku nyingine zote zisivunjike. Na ikipita bila dharura, unalala mchana madirisha wazi.

Kuwa mwangalifu na giza tu. Karibu na ikweta jua huzama kama saa kumi na mbili mwaka mzima na giza huingia haraka. Siku ya kuhama, panga uwe umefika chumbani kabla ya saa kumi na moja jioni.

#17 Mdau

Mkuu, nimesoma uzi wote. Tupo wanne, tuna siku 16 kuanzia wiki ya pili ya Julai. Tulipanga Phuket, Phi Phi, Lanta, halafu Samui na Tao. Turekebishie.

#18 Mleta uzi

Kwa Julai futeni upande wa Andaman wote. Si kwamba mvua itanyesha kutwa, lakini bahari itakuwa nzito na baadhi ya boti hazitembei. Kaeni ndani ya Ghuba, itakuwa hivi:

Usiku 1 Bangkok mkitua, mlale. Kesho yake ndege hadi Samui, usiku 4, mzunguke kisiwa bila pupa na mwili uzoee joto. Boti fupi hadi Phangan, usiku 4, mchague pwani ya kaskazini au magharibi, mbali na Haad Rin, na mwangalie kalenda ya mwezi kama nilivyosema. Boti hadi Tao, usiku 4. Hapo ndipo mnapojifunza kupiga mbizi kama mnataka, shule ni nyingi na maji ya Julai ni mazuri. Siku ya kuondoka mnavuka hadi Chumphon, mnapanda treni ya usiku, mnaamka Bangkok. Usiku 1 wa akiba pale, kisha ndege ya kurudi siku ya 16.

Ni usiku 15, kuhama kwenyewe mara nne, na hamrudi nyuma hata mara moja. Hata mkitoka majini Tao siku ya mwisho mchana, ndege iko mbali zaidi ya saa 24. Vyumba vya Phangan na treni ya usiku kateni mapema, tiketi za boti za Phangan hadi Tao mnaweza kukata mkiwa kule kule siku moja kabla, mkishaona bahari ilivyo. Mabegi yawe laini na kila mtu abebe la kwake bila kusaidiwa. Pasi na simu ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji kabla hamjakanyaga boti.

Mkishajua tarehe kamili ziandikeni hapa, niwaangalizie mwezi na maji ya kila wiki.